Kiangulio cha friji bovu: shajara ya mradi, Tabata, Dar es Salaam

Shajara hii ni ya mtu mwenye nafasi ndogo, pesa ya kuungaunga na hamu ya kutotolesha vifaranga mwenyewe. Hatua zilizokwenda sawa nimezipita mbiombio kwa sababu utazikuta popote. Palipoharibika ndipo nilipokaa. Mafunzo mengi ya kutengeneza kiangulio yanakuonyesha vifaranga waliokwisha kukauka wanalialia, hayakuonyeshi ndoo ya mayai yaliyobaki. Humu ndoo ipo. Nitakuwa naongeza kila hatua inapomalizika.

10 Februari 2024: mashine

Friji dogo la mlango mmoja, kompresa imekufa, limepatikana kwa fundi wa mtaani kwa shilingi 30,000. Kuta zake zina povu ndani, kwa hiyo joto halitoroki ovyo. Fundi mwenyewe ndiye aliyenikumbusha jambo ambalo sikulisoma mahali: "Bosi, hili likifunga halipitishi hata harufu. Toboa chini, toboa na juu." Tukatoboa matundu manne chini na manne juu, kila moja la kupita kidole. Kiinitete (kifaranga anayeumbika ndani ya yai) kinavuta hewa kupitia ganda, na kadiri kinavyokua ndivyo kinavyotaka zaidi.

Vingine vimetoka Kariakoo: thermostati ya W1209 (kidude kinachopima joto na kuwasha au kuzima taa chenyewe) kwa 15,000, adapta ya volti 12 kwa 7,000, globu mbili za wati 40 na holda zake 7,000, waya, plagi na swichi 8,000, kipimo cha unyevu 12,000, trei na wavu 6,000. Jumla pamoja na friji ni 85,000. Globu ziwe zile za zamani za waya unaowaka manjano, maana za LED hazitoi joto la maana. Muuzaji atakubishia. Shika msimamo.

18 Februari: mayai ya kwanza

Mayai 30 ya kienyeji kutoka kwa mfugaji wa Chanika, 600 kila moja, yamekuja kwa bodaboda. Nimeyaandika namba kwa penseli, upande mmoja X na upande mwingine O ili nijue nimegeuza lipi. (Penseli tu. Wino wa kalamu unapenya ganda.) Nimeyaingiza jioni ileile. Thermostati iko kwenye 37.6, bakuli la maji limejaa chini kama maelekezo yote yanavyosema, kugeuza ni asubuhi, mchana na usiku. Yai la kuku linachukua siku 21, hivyo tunategemea 10 Machi.

13 Machi: sita kati ya 30

Tarehe 10 kimya. Tarehe 11 kimya. Kifaranga wa kwanza alitoka jioni ya tarehe 12, Ramadhani imeanza, tuko mkekani tunafuturu. Hadi leo asubuhi wametoka sita, mmoja hawezi kusimama na nadhani hafiki kesho. (Hakufika.)

Mayai 24 yaliyobaki nilikuwa nayapeleka jalalani. Jirani yetu, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, alinikuta getini na trei. Shikamoo, marahaba, kisha akaitazama trei. "Mwanangu, usitupe kitu hapo. Lete ndoo ya maji tuyapasue." Akanieleza kwamba vituo vikubwa havitupi yai lisilototolewa kabla ya kulifungua, maana umri aliofia kifaranga unaelekeza kwenye chanzo cha kifo.

Fanyeni nje, na upepo uwe mgongoni. Unagonga upande mnene wa yai palipo na chumba cha hewa, unamenya ganda kama la yai la kuchemsha, unatazama kabla hujamwaga. Mzee alikuwa anataja, mimi naandika namba ya yai na alichokiona. Matokeo yalikuwa haya: mayai 9 hayakuwa na kitu, kiini cha njano tu. Matano yalikuwa na duara la damu, yaani kiinitete kilianza kikafa ndani ya wiki ya kwanza. Mawili yalifia katikati, macho meusi yanaonekana na manyoya hayajaota. Na manane yalikuwa na kifaranga kamili, manyoya, kucha, mdomo, lakini kiini kikiwa bado nje ya tumbo.

Hilo la manane ndilo lililomfanya mzee aulize joto nimelipima wapi. Kifaranga huvuta mabaki ya kiini tumboni siku za mwisho kabisa kabla ya kutoka. Aliyefika siku ya 24 na kiini bado kiko nje amecheleweshwa, na wale sita nao walitoka siku mbili baada ya wakati. Baridi huchelewesha, joto la kuzidi huwahisha. Mashine yangu ilikuwa na baridi, ingawa kioo cha thermostati kilisoma 37.6 muda wote.

Yale 9 matupu si ya mashine, au si yote. Nilipompigia mfugaji akakiri kwamba jogoo ni mmoja kwa matetea karibu 25, na kwamba mayai mengine yalikuwa yamekaa zaidi ya wiki mbili. Jogoo mmoja anatosha matetea kumi hivi, na yai likizidi siku saba dukani au kabatini nguvu yake ya kutotoa inaanza kushuka. Sikumuuliza kabla ya kununua. Laiti ningemulika mayai kwa tochi siku ya saba ningeyajua matupu mapema, lakini niliogopa kufungua mlango.

17 Machi: joto lilikojificha

Nimenunua kipimajoto cha homa, 4,000 famasi. Kile kimetengenezwa kusema ukweli kati ya nyuzi 35 na 42, na hapohapo ndipo mayai yanapoishi. Nikakitumbukiza pamoja na ncha ya kupimia ya thermostati kwenye kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Thermostati ilisoma 0.6 juu ya ukweli. Kwa hiyo 37.6 yangu ilikuwa 37.0.

Hilo peke yake lingechelewesha kidogo. Kubwa zaidi lilikuwa mahali nilipoining'iniza ncha: sentimita chache kutoka kwenye globu. Inapata joto kabla ya mayai, inazima taa, mayai ya pembeni hayajashiba. Nilijaza maji chupa ndogo za dawa, nikazipanga kwenye trei kama mayai, nikaziacha usiku kucha, kisha nikapima maji ya kila moja. Katikati 37.0, kona ya mlangoni 35.1. Nikafungua daftari la namba: katika yale manane yaliyochelewa, sita yalikaa upande wa mlango.

Marekebisho: ncha imehamia kwenye usawa wa mayai, katikati ya trei, mbali na taa. Feni ya kompyuta ya volti 12 (8,000) inazungusha hewa muda wote kwa adapta ileile. Thermostati nimeiweka 38.2 ili joto halisi liwe 37.6. Chupa za dawa zimerudi ndani usiku mwingine, na tofauti kati ya kona na katikati imeshuka hadi 0.4. Wamisri walitotolesha maelfu ya mayai katika matanuri ya udongo kwa karne nyingi bila kipimajoto, wakipima kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho. Nimejaribu. Naweza kutofautisha yai la moto na la baridi, basi. Kope langu halijasomea.

31 Machi: duru ya pili, kumulika

Mayai 30 mapya yaliingia tarehe 24, kutoka kwa mfugaji mwingine anayeandika tarehe ya kutagwa kwenye kila yai. Anauza 800, na hiyo 200 ya juu naiona ni halali yake. Safari hii niliyapumzisha siku nzima, ncha nyembamba chini, kabla ya kuyaingiza, kwa sababu mtikisiko wa barabarani hulegeza chumba cha hewa.

Leo ni siku ya saba. Chumba giza, tochi ya simu, kipande cha boksi chenye tundu. Yai zima linaonyesha mishipa kama mizizi na doa jeusi linalochezacheza. Manne matupu, moja lina duara la damu. Mayai 25 yanaendelea. Kufungua mlango dakika tano hakukudhuru kitu, joto lilirudi upesi.

15 Aprili: 12, na tatizo jipya

Siku ya 21 barabara, vifaranga 12. Joto limepona, saa imekubali. Lakini mayai 13 yamebaki, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu banda.

Ndoo, mzee, daftari. Mawili yalifia katikati. Mawili mengine yalitoboa upande mwembamba, yaani kifaranga alikaa kichwa chini. Tisa ndiyo yaliyotunyamazisha: vifaranga wakubwa, wametimia, kiini kimeshaingia tumboni, na wamelowa chepechepe. Shingo zimevimba. Ukipasua, maji yanachuruzika mkononi. Chumba cha hewa kilikuwa kidogo mno, kama cha yai la wiki moja. Kifaranga huanza kupumua kwa kutoboa utando na kuingiza mdomo katika chumba hicho, saa nyingi kabla hajagusa ganda. Hawa walitoboa wakakutana na maji. Walizama.

Yai linatakiwa lipoteze maji kiasi cha asilimia 12 au 13 ya uzito wake hadi siku ya 18, ndipo chumba cha hewa kinapanuka. Ya kwangu hayakukauka. Na kipimo cha unyevu kilikuwa kinasoma 55, namba nzuri kabisa ya kitabuni.

20 Aprili: chumvi, na hewa ya Dar

Kipimo cha unyevu kinajaribiwa kwa chumvi ya jikoni. Weka chumvi kwenye kifuniko cha soda, ilowanishe kwa matone hadi iwe kama uji mzito (isiyeyuke yote), funga pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa, acha hadi kesho. Hewa ya humo inatulia kwenye asilimia 75, popote ulipo duniani. Changu kilisoma 63. Kinapungukiwa 12. Ile 55 yangu ilikuwa 67, unyevu wa siku tatu za mwisho, na mimi niliwapa tangu siku ya kwanza.

Kasoro ya kipimo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni bakuli la maji lenyewe. Asilimia ya unyevu inalinganisha maji yaliyomo kwenye hewa na yale ambayo ingeweza kuyabeba kwa joto lile. Ukiipasha hewa, uwezo wake wa kubeba unapanda, asilimia inashuka, maji ni yaleyale. Masika hii nyumbani kwangu ni nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo ikiingia kwenye kiangulio na kupashwa hadi 37.5 inabaki na kama asilimia 47, bila tone la maji kuongezwa. Wanaotakiwa kuweka bakuli lililojaa ni watu wa nchi kavu, au wa kule kwenye baridi ambako hewa ya nje haina maji. Sisi wa pwani mwezi wa Aprili tunavuta supu.

Kwa hiyo: bakuli limetoka hadi siku ya 18. Na nimeacha kuiamini namba ya kipimo, nimenunua mzani wa jikoni wa kidijitali (18,000). Mzani unapima kile hasa ninachokitaka, yaani maji yaliyotoka kwenye yai.

5 Mei: duru ya tatu na kimbunga

Mayai 30 yaliingia 28 Aprili, gramu 1,380 bila trei. Nikagawa: yanatakiwa yapoteze gramu 9 hadi 10 kwa siku. Leo siku ya saba yamepoteza 63. Nimefurahi kuliko ninavyostahili. Matatu matupu, moja duara la damu, 26 yanaendelea.

Jana, tarehe 4, kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Huku kwetu mvua, upepo, na umeme ukakatika. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya: nikachemsha maji kwa gesi, nikajaza chupa mbili za plastiki, nikaziingiza pembeni ya trei na kufunga blanketi juu ya friji. Kipimajoto, ambacho nilikuwa nimekiacha katikati, kilisoma 37. Nikalala kidogo. Nilipokipeleka kwenye kona yenye chupa kilisoma 41.

Nilizitoa. Mzee alipokuja asubuhi akasema bora ningeacha tu mlango umefungwa. Kiinitete kinavumilia kupoa kwa saa kadhaa, kinasimama kukua kisha kinaendelea, na friji lenye blanketi linapoa polepole. Joto la kuzidi halina msamaha wa namna hiyo. Nimeandika namba za mayai manne yaliyokuwa jirani na chupa: 5, 6, 11, 12.

20 Mei: 21 kati ya 26

Bakuli la maji lilirudi siku ya 18, kugeuza kukakoma, mlango ukafungwa. Jana walitoka vifaranga 21, wakavu, wenye kelele. Watano hawakutoka. Watatu ni wa siku za mwisho, mmoja wao kichwa chini, wengine sijaelewa. Wawili walifia katikati, karibu na siku ya saba kwa tulivyoona. Namba zao 6 na 11.

Kwa atakayeuliza: vifaranga wako kwenye boksi lenye taa, na chanjo ya I-2 ya mdondo (ugonjwa wa virusi unaoua kuku) wanapata tone la jichoni. Hilo ni somo la shajara nyingine.

22 Julai: kipupwe, na mlango

Duru ya nne iliingia 30 Juni. Nilirudia kila kitu cha duru ya tatu, na mzani ukakataa. Siku za mwanzo yalikuwa yanapoteza gramu 13 hadi 14 kwa siku. Hewa ya sasa ni nyingine, usiku nyuzi 20 na kitu, upepo wa kusi mkavu. Hewa ya nyuzi 24 yenye asilimia 75 ikipashwa inabaki na 35 tu. Nikaweka maji kwenye kifuniko cha kopo la siagi, upotevu ukarudi kwenye 9. Kwa hiyo ile "bila maji" niliyoisifu Aprili ni ya masika. Anayenakili asinakili bakuli, anakili mzani.

Mawili matupu, 28 yakaendelea, 22 yametoka. Katika sita yaliyobaki, manne yanauma. Yalitoboa ganda vizuri, mdomo uko nje, kisha yakasimama. Tulipoyafungua, utando ulikuwa umewakauka mwilini kama karatasi ya nailoni, hawawezi kuzunguka ndani ya ganda. Mchana wa tarehe 20 mimi nilikuwa kazini. Binti yangu aliwafungulia watoto wenzake mlango waone, mara moja, mara nyingine, na kila mlango unapofunguka unyevu wote unatoka na hewa moto. Nilipomuuliza akasema, "Baba, walikuwa wanaitana humo ndani, tulitaka kujua wanasemaje." Sikuwa na la kujibu. Sikumwambia kabla kwamba siku tatu za mwisho mlango haufunguliwi, nilikuwa nimeandika humu tu.

Hesabu hadi leo. Vifaa vya mwanzo 85,000, feni, kipimajoto na mzani 30,000, mayai ya duru nne 90,000. Jumla 205,000 bila umeme. Vifaranga walio hai 60, sawa na 3,400 na ushee kwa kila mmoja, ghali kuliko kununua kwa muuzaji. Ukitazama duru mbili za mwisho kwa bei ya mayai peke yake, ni kama 1,100 kwa kifaranga. Anayetaka vifaranga wachache wa mara moja anunue. Anayekusudia kuendelea, gharama hizi zingine hazirudii, na mzani nauhesabu kuwa ndicho kifaa nilichopaswa kununua kabla ya kipimo cha unyevu.

Kinachofuata ni dirisha. Fundi ameshachukua vipimo, kioo cha sentimita 20 kwa 30 katikati ya mlango, viwili vyenye nafasi katikati ili joto lisitoroke, 18,000 pamoja na silikoni. Binti amechagua mahali: chini kidogo, usawa wa macho yake. Mayai yanaingia silikoni ikishakauka.